Rangi, Mwanga na Mitokondria: Mwongozo Kamili wa Kupima Madhara ya Oksijeni Tendaji Maabara

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa uzamili, mhadhiri au mtaalamu wa maabara anayetaka kuonyesha, kwa vipimo vinavyostahimili maswali, kwamba rangi fulani ikiangaziwa huharibu mitokondria (viungo vya seli vinavyozalisha nishati) kwa njia ya oksijeni tendaji, yaani maumbo ya oksijeni yanayoshambulia molekuli jirani kwa urahisi. Sentensi hiyo moja imebeba madai manne: kwamba rangi imefika kwenye mitokondria, kwamba imefyonza mwanga uliopelekwa, kwamba oksijeni ilihitajika ili madhara yatokee, na kwamba mitokondria ndiyo iliyoumia, wala si kitu kingine jirani yake. Ni rahisi kulithibitisha dai la nne kwa uangalifu mkubwa na kuyachukulia yale matatu ya mwanzo kana kwamba yanajulikana. Hapa yote manne yatapitiwa kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kwa mfano mmoja: methilini bluu, mitokondria za ini la panya, na taa nyekundu za LED.

Methilini bluu imechaguliwa kwa sababu za kawaida kabisa. Inapatikana karibu katika kila maabara ya hospitali inayopima makohozi ya kifua kikuu kwa njia ya Ziehl-Neelsen, bei yake ni nafuu, inayeyuka majini, na ina chaji chanya, sifa ambayo umuhimu wake utaonekana hivi punde.

Kinachotokea rangi inapopigwa na mwanga

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1900 Oscar Raab, mwanafunzi wa Hermann von Tappeiner mjini Munich, alitangaza kwamba paramesia waliotiwa kwenye akridini hufa upesi wakiwa kwenye mwanga, ilhali gizani, kwa mkolezo uleule, huishi muda mrefu zaidi. Tappeiner na wenzake walionyesha baadaye kwamba oksijeni lazima iwepo, na ndio walioipa hali hiyo jina la athari ya fotodainamiki.

Molekuli ya rangi ikifyonza fotoni, elektroni yake moja hupanda kwenye ngazi ya juu ya nishati. Katika rangi nyingi elektroni hiyo hushuka papo hapo na kutoa joto au mng'ao. Katika rangi zenye madhara, sehemu kubwa ya molekuli hupitia kwanza hali ya tripleti, ambayo hudumu muda wa kutosha kukutana na oksijeni iliyoyeyuka majini. Kuanzia hapo njia ni mbili. Katika njia ya kwanza rangi hupokea au hutoa elektroni, na mazao yake ni superoksidi, haidrojeni peroksidi na, pale penye chuma huru, radikali ya haidroksili. Katika njia ya pili rangi huikabidhi oksijeni nishati yake moja kwa moja na kuigeuza kuwa oksijeni singleti, ambayo iko juu ya oksijeni ya kawaida kwa takriban elektronivolti 0.98. Fotoni ya mwanga mwekundu wa nanomita 660 ina elektronivolti 1.88, kwa hiyo nishati ya kufanya kazi hiyo ipo na inabaki. Kwa methilini bluu iliyoyeyushwa majini, karibu nusu ya fotoni zinazofyonzwa huzaa oksijeni singleti. Kwa rozi bengali, rangi nyingine ya maabara, ni karibu robo tatu.

Oksijeni singleti haiendi mbali. Majini hudumu takriban mikrosekunde 3 hadi 4, na ndani ya seli, ambamo protini huikamata njiani, umbali wake huhesabiwa kwa makumi ya nanomita, au mia moja na ushei. Mitokondria kwa kawaida ina upana wa nanomita 500 hadi 1,000. Maana yake ni kwamba madhara hutokea palepale rangi ilipo. Rozi bengali huzaa oksijeni singleti kwa wingi kuliko methilini bluu, lakini chaji yake ni hasi na utando wa mitokondria unaisukuma nje. Kwa hiyo rangi yenye mavuno makubwa kwenye jedwali inaweza kuwa dhaifu mbele ya mitokondria.

Ndani ya mitokondria wahanga ni wengi. Katika protini, oksijeni singleti hupendelea histidini, triptofani, methionini, sisteini na tirosini. Katika mafuta, hushambulia moja kwa moja minyororo isiyojaa na kuzaa hidroperoksidi. Hapo kadiolipini iko hatarini kuliko mafuta mengine: ina minyororo minne badala ya miwili, na katika moyo wa mamalia mingi kati ya hiyo ni ya asidi linoleiki. Kadiolipini ndiyo inayoshikilia saitokromu c kwenye utando wa ndani na kuziweka pamoja protini kubwa za mnyororo wa elektroni (zinazopitishiana elektroni hadi kwenye oksijeni), hivyo ikioksidishwa, upumuaji hulegea na saitokromu c hupata njia ya kutoka, nayo ikifika kwenye sitoplazimu huamsha vimeng'enya vya kifo cha seli.

Hatua ya 1: Ipime rangi kabla ya kuiamini

Soma lebo ya chupa. Methilini bluu huuzwa ikiwa kavu au ikiwa imeshika maji, na uzito wa molekuli hutofautiana: gramu 319.85 kwa moli ikiwa kavu, na takriban gramu 373.9 ikiwa na molekuli tatu za maji. Kwa mmumunyo wa akiba wa milimola 1 katika mililita 100, utapima miligramu 32 za ile kavu au miligramu 37.4 za ile yenye maji. Rangi iliyokusudiwa kupaka slaidi mara nyingi si safi, kwa hiyo tafuta ya daraja la uchambuzi ukiweza.

Kisha zimua hadi mikromola 5 na uchore wigo wa ufyonzaji kuanzia nanomita 500 hadi 750. Kilele kinapaswa kuwa nanomita 664, na katika kuveti ya sentimita 1 usomaji uwe karibu na 0.4. Angalia pia bega lililo upande wa kushoto, karibu na nanomita 610. Mkolezo ukipanda, bega hilo hukua kuliko kilele, kwa kuwa molekuli za rangi zimeanza kushikana mbilimbili. Jozi hizo huzaa oksijeni singleti kidogo na huelekea zaidi kwenye njia ya kwanza, ya elektroni. Andika uwiano wa 610 kwa 664 katika daftari lako, kwa sababu utauhitaji tena rangi itakapokuwa ndani ya mitokondria.

Hifadhi mmumunyo wa akiba kwenye chupa iliyofungwa kwa karatasi ya alumini. Usihifadhi kwa wiki nyingi huku ukitegemea hesabu ya siku ya kwanza. Rangi hii hung'ang'ania kuta za vyombo, hasa vya plastiki, na mkolezo hushuka bila kukuaga.

Hatua ya 2: Taa

Kama kuna sehemu moja ya kazi hii ambayo ningemtaka mtu aitumie muda mrefu kuliko anavyodhani inastahili, ni hii. Taa za LED za nanomita 660 zinazotumika kwenye vitalu vya mimea zinafaa na ni nafuu. Balbu ya kawaida yenye kichujio chekundu inafaa pia, ila huleta joto, na joto huharibu mitokondria bila msaada wa rangi yoyote.

Pima nguvu ya mwanga kwa kipimanguvu cha mwanga kilichowekwa mahali hasa ambapo sampuli itakaa, si pembeni ya taa. Pima katikati na kwenye pembe nne za eneo la kazi. Tofauti ikizidi sehemu moja ya kumi, inua taa au punguza eneo. Acha taa iwake kwa robo saa kabla ya kupima, kwa sababu LED ikipata joto nguvu yake hushuka. Dozi ya mwanga ni nguvu kwa kila sentimita ya mraba ukizidisha kwa sekunde: miliwati 20 kwa sekunde 300 ni jouli 6 kwa kila sentimita ya mraba. Anayeandika kwamba aliangazia kwa dakika tano bila kutaja nguvu hajasema lolote ambalo mwenzake anaweza kulirudia.

Kisha tazama unene wa sampuli. Mmumunyo wa mikromola 5 wenye ufyonzaji wa 0.4 hupitisha asilimia 40 tu ya mwanga kwenye sentimita 1, na hiyo ni kabla ya kuhesabu mtawanyiko unaosababishwa na mitokondria zenyewe. Sampuli ya chini kabisa ya mrija inapata chini ya nusu ya dozi uliyoandika. Mimina sampuli kwenye bakuli bapa la kioo kwa kina cha milimita 3 na tabaka la chini litafikiwa na karibu asilimia 76 ya mwanga. Weka bakuli juu ya chombo cha maji ya nyuzi 25, na utie kipimajoto chembamba ndani ya sampuli kwa jaribio moja la awali: joto likipanda kwa zaidi ya nyuzi 1, punguza nguvu na uongeze muda.

Ili kuhakikisha kwamba taa na rangi vinazaa kile unachodai, fanya jaribio lisilo na mitokondria. Changanya rangi pamoja na p-nitrosodimethilanilini ya mikromola 50 na imidazoli ya milimola 10, uangazie, na ufuatilie kufifia kwa rangi ya njano kwenye nanomita 440. Imidazoli hunasa oksijeni singleti, na zao la hapo ndilo linalofifisha njano. Bila imidazoli kufifia kuwe kidogo. Mbinu hii haihitaji zaidi ya spektrofotomita, na inakupa kipimo cha kulinganisha taa yako ya leo na ya mwezi ujao.

Hatua ya 3: Kutenga mitokondria

Kibali cha kamati ya maadili kwanza, kisha panya. Ini linatolewa upesi, linawekwa kwenye bafa ya barafu yenye sukrosi ya milimola 250, HEPES ya milimola 10 na EGTA ya milimola 1, pH 7.4, linakatwakatwa kwa mkasi na kuoshwa mpaka maji yaache kuwa na damu. Damu ina hemoglobini, na hemoglobini hufyonza mwanga na kuchochea oksidisho kwa akaunti yake yenyewe, kwa hiyo usafi huu si wa sura tu. Ponda kwa kisagio cha Potter kwa mikupuo michache, zungusha kwenye sentrifyuji yenye ubaridi kwa nguvu ya 800 g dakika 10, chukua kimiminika cha juu, kizungushe kwa 8,000 g dakika 10, mwaga kimiminika, futa tabaka jeupe la mafuta ukutani, na urudie kuosha mara moja au mbili. Katika uoshaji wa mwisho acha EGTA au uipunguze, kulingana na kama utahitaji kalsiamu baadaye. Mitokondria zilizokolezwa hukaa kwenye barafu na zitumike ndani ya saa nne au tano. Mahali ambapo umeme hukatika, ulizia jenereta kabla ya kumchinja mnyama; sentrifyuji ikisimama katikati ya mzunguko wa pili na ubaridi ukapotea, hakuna cha kuokoa.

Pima protini kwa biureti au Bradford, kisha pima upumuaji kwenye elektrodi ya Clark, inayosoma oksijeni iliyoyeyuka. Tumia bafa ya kloridi ya potasiamu milimola 125, HEPES 10, fosfati 5, magnesiamu 2, pH 7.2, pamoja na saksineti ya milimola 5 (chakula cha mitokondria) na rotenoni ya mikromola 1 (inayoziba njia ya elektroni kutoka NADH). Ongeza ADP ya mikromola 200 (malighafi ya ATP, kibeba nishati cha seli), upumuaji upande (hali ya 3), kisha ushuke ADP inapokwisha (hali ya 4). Uwiano wa kasi hizo mbili ukiwa chini ya 3 usiendelee. Mitokondria hizo zimeumia kabla hujawasha taa.

Wakati wa kurekebisha elektrodi, kumbuka mwinuko wa mji wako. Maji ya chumvi yaliyoshiba hewa kwa nyuzi 25 yana oksijeni ya takriban mikromola 240 pwani, Dar es Salaam au Mombasa. Nairobi, kwa mwinuko wa mita 1,700 hivi, shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano, na oksijeni hushuka hadi chini kidogo ya mikromola 200. Anayenakili namba ya kitabu bila kusahihisha atakuza kasi zote kwa kiwango hicho hicho.

Hatua ya 4: Kuipeleka rangi ndani

Utando wa ndani wa mitokondria yenye afya una volti za kutosha kuzivuta molekuli zenye chaji chanya: milivolti 140 hadi 180, ndani ikiwa hasi. Kwa kila milivolti 60 hivi, mkolezo wa ndani unaweza kuzidi wa nje mara kumi. Kwa milivolti 180, mara elfu. Fuata hesabu hii kwa mfano. Nafasi ya ndani ya mitokondria ni takriban mikrolita 1 kwa kila miligramu ya protini. Ukitumia miligramu 0.5 kwa mililita, nafasi hiyo ni sehemu moja ya elfu mbili ya sampuli nzima, na bado theluthi moja ya rangi yote itakuwa imejibana humo. Ndiyo maana mikromola 2 za rangi nje si mikromola 2 kwa mitokondria, na ndiyo maana pia mtu anayeongeza protini maradufu bila kuongeza rangi amepunguza dozi kwa kila mitokondria. Andika siku zote rangi kwa kila miligramu ya protini.

Changanya mitokondria (miligramu 0.5 kwa mililita), saksineti na rotenoni, kisha rangi ya mikromola 1 hadi 5, na usubiri dakika tatu gizani. Chora tena wigo. Ukiona bega la 610 limenyanyuka ukilinganisha na lile la majini, rangi imejazana ndani na kushikana mbilimbili. Kikundi cha Chuo Kikuu cha São Paulo, akiwemo Mauricio Baptista na Alicia Kowaltowski, kilieleza jambo hili mwaka 2004: volti za utando ndizo zinazoikusanya methilini bluu, na mkusanyiko huo huihamisha kutoka njia ya oksijeni singleti kuelekea njia ya elektroni. Kwa maneno mengine, kadiri mitokondria inavyokuwa na afya ndivyo kemia ya rangi inavyobadilika ndani yake, na mavuno yaliyopimwa kwenye maji matupu hayatoshi kutabiri madhara.

Uthibitisho wa dai la kwanza ni rahisi: weka FCCP ya mikromola 1, inayofuta volti za utando, na uone bega likishuka. Kwa kipimo cha moja kwa moja zaidi, zungusha sampuli kwenye sentrifyuji gizani na usome rangi iliyobaki kwenye kimiminika cha juu, pamoja na FCCP na bila FCCP.

Hatua ya 5: Kuangazia, na sampuli za udhibiti

Sampuli nne ni za lazima: bila rangi gizani, bila rangi kwenye mwanga, yenye rangi gizani, na yenye rangi kwenye mwanga. Ya tatu ndiyo watu huidharau, na kwa methilini bluu ndiyo yenye mambo. Rangi hii hupokea elektroni hata gizani: huchukua kutoka upande wa NADH, hugeuka kuwa umbo lisilo na rangi, kisha huzikabidhi kwa saitokromu c au kwa oksijeni, na katika hali hii ya mwisho huzaa haidrojeni peroksidi bila fotoni hata moja. Saksineti na rotenoni hupunguza mkanganyiko huo lakini hazimalizi, kwa hiyo kila takwimu ya mwangani lazima isomwe baada ya kuondoa ile ya gizani. Ongeza sampuli ya tano yenye rangi, mwanga na FCCP iliyotiwa kabla ya taa: ikiwa madhara yanapungua sana, rangi ilihitaji kuingia ndani ili iharibu.

Angazia kwa dozi zinazopanda, mathalani jouli 0, 1, 3, 6 na 12, kwa nguvu ileile na muda tofauti, huku ukikoroga taratibu. Kukoroga kuna sababu yake. Mitokondria zinazopumua kwa hali ya 4 zinaweza kutumia nanomoli 25 za oksijeni kwa dakika kwa kila miligramu. Kwa miligramu 0.5 kwa mililita, mrija uliofungwa ungeishiwa ndani ya dakika ishirini hivi hata bila rangi, na rangi yenyewe inapoangaziwa hula oksijeni juu ya hiyo. Tabaka jembamba lililo wazi na linalokorogwa hujazwa upya na hewa. Kwa sababu hiyohiyo jouli 6 zilizotolewa kwa dakika moja hazilingani lazima na jouli 6 zilizotolewa kwa dakika kumi.

Fanya kazi ya kuchanganya chini ya mwanga hafifu wa kijani, ambao methilini bluu huufyonza kidogo. Taa za dari za chumba ni chanzo cha mwanga kama kingine.

Hatua ya 6: Kupima madhara

Anza na upumuaji, kwa kuwa ndio wenye habari nyingi kwa gharama ndogo. Hali ya 3 ikishuka huku hali ya 4 ikibaki, mnyororo au uzalishaji wa ATP umeziba. Hali ya 4 ikipanda, utando umeanza kuvuja. Ukitia FCCP na upumuaji urudi juu, mnyororo ni mzima na kasoro iko kwenye kimeng'enya cha ATP au kisafirishi cha ADP. Usiporudi, mnyororo wenyewe umeumia. Hapo unaweza kuuchambua kipande kwa kipande kwa kubadilisha chakula cha mitokondria, kuanzia glutamati na malati hadi saksineti, na hatimaye askobati pamoja na TMPD kwa ajili ya kompleksi ya IV, kituo cha mwisho cha mnyororo.

Uvimbe husomwa kwenye nanomita 540, ambapo methilini bluu hufyonza kidogo tu: mitokondria zikivimba, ufyonzaji hushuka. Ikiwa siklosporini A ya mikromola 1 inazuia mshuko huo, tundu la mpito wa upenyezaji, lililo kwenye utando wa ndani, ndilo lililofunguka. Isipozuia, usikimbilie kulikana tundu. Utando uliooksidishwa sana huvuja kwa njia nyingine pia.

Volti za utando pimia rodamini 123 kwa mkolezo mdogo, ikitiwa baada ya taa kuzimwa, ukisisimua kwa nanomita 507 na kusoma karibu na 529. Ikijazana ndani, mng'ao wake hujizima wenyewe. Kwa hiyo mitokondria zikipoteza volti, mng'ao hupanda, na FCCP ya mwisho inakupa kiwango cha sifuri. TMRM na safranini, rangi nyingine za kupimia volti, zina sifa nzuri lakini hung'aa kwenye eneo ambalo methilini bluu hufyonza, na mng'ao uliomezwa na rangi utaonekana kama badiliko la volti.

Oksidisho la mafuta hupimwa kwa asidi thiobarbituriki kwenye nanomita 532. Tia BHT, kizuia oksidisho, kabla ya kuchemsha, vinginevyo kuchemsha kwenyewe kutaendeleza oksidisho. Pia hakikisha sampuli imo kwenye bafa ya kloridi ya potasiamu, wala si ya sukrosi, maana sukari hutoa rangi yake na asidi hiyo na kupandisha usomaji bila sababu. Kila seti iwe na tupu yenye methilini bluu.

Kuhusu DCFH, ambayo wengi huikimbilia kwa jina la kipimo cha oksijeni tendaji, ushauri wangu ni kuiacha katika kazi hii. Huoksidishwa na mambo mengi, ikiwemo saitokromu c iliyotoka nje, na zao lake lenyewe huchochewa na mwanga. Kwa haidrojeni peroksidi tumia Amplex Red pamoja na peroksidasi, baada ya taa kuzimwa, na katika sampuli pacha tia katalasi, kimeng'enya kinachovunja peroksidi: sehemu ya mng'ao inayoondolewa na katalasi ndiyo peroksidi, iliyobaki ni kelele.

Hatua ya 7: Kuthibitisha kwamba ni oksijeni, na ni ipi

Kuiondoa oksijeni kunaonekana rahisi. Pitisha nitrojeni, au ziache mitokondria zenyewe ziimalize ndani ya chumba cha elektrodi kilichofungwa, kisha angazia. Lakini bila oksijeni mnyororo husimama, volti hushuka, na rangi hutoka ndani. Mitokondria zitasalimika, na utasema oksijeni ndiyo iliyokosekana, kumbe hata rangi ilikuwa imeondoka. Sampuli ya FCCP yenye oksijeni ndiyo inayotenganisha mambo haya: linganisha madhara ya rangi iliyo nje palipo na oksijeni na palipo bila oksijeni.

Maji mazito ya D₂O huongeza umri wa oksijeni singleti hadi takriban mikrosekunde 67, karibu mara ishirini ya maji ya kawaida. Madhara yakiongezeka ndani yake, singleti inahusika. Yasipoongezeka, hujaikanusha, kwani iliyozaliwa ndani ya utando huisha humohumo kabla ya kuyafikia maji.

Azidi ya sodiamu ndiyo kizimaji cha singleti kinachotajwa zaidi, na kwa mitokondria ndicho kibaya kuliko vyote: huziba kompleksi ya IV. Tumia histidini ya milimola 10 badala yake, ukijua kwamba hulinda zaidi upande wa nje. Kama ni lazima utumie azidi, ioshe kabisa kabla ya kupima upumuaji, usiichanganye kamwe na asidi, na usiimwage kwenye sinki lenye mabomba ya shaba au risasi, kwani hujenga chumvi zinazolipuka. Rotenoni na FCCP nazo ni sumu. Glavu si hiari.

Superoksidi dismutasi (kimeng'enya kinachoondoa superoksidi) na katalasi zikitiwa nje haziingii ndani. Zikilinda, kuna oksijeni tendaji iliyotoka nje. Zisipolinda, kilichozaliwa ndani bado hakijaguswa na hoja yako.

Idadi ya marudio ihesabiwe kwa wanyama, si kwa visima vya sahani. Maini matatu yaliyotengwa siku tofauti ni marudio matatu. Visima kumi na viwili vya ini moja ni rudio moja lililopimwa vizuri.

Ukihamia kwenye seli nzima

Mambo mawili hubadilika mara moja. Kwanza, rangi inaweza kwenda kwingine, hasa kwenye lisosomu, na methilini bluu huenda huko katika baadhi ya seli. Kwa hiyo piga picha za mahali ilipo kwa hadubini kabla ya kudai chochote, kwa mwanga mdogo iwezekanavyo, kwani hadubini nayo ni taa. Rangi za kuonyesha mitokondria, kama vile JC-1 na za jamii ya MitoTracker, zenyewe huamshwa na mwanga na zinaweza kuharibu kile ulichotaka kukitazama. Weka sampuli yenye rangi hiyo peke yake. Pili, lishe ya seli ina riboflavini, ambayo chini ya mwanga wa buluu huzaa haidrojeni peroksidi. Mwanga mwekundu unaiepuka, lakini taa za kabati la kufanyia kazi haziiepuki.

Si kila rangi hutoka nje ya seli. Asidi ya aminolevuliniki hugeuzwa na seli kuwa protopofirini IX, ambayo hatua zake za mwisho hutengenezwa ndani ya mitokondria, na madaktari wa upasuaji wa ubongo Ulaya wameitumia kuonyesha uvimbe wa glioma tangu ilipoidhinishwa mwaka 2007. Kwa anayetaka rangi iliyo ndani ya mitokondria bila kubishania njia ya kuingia, hii ni mbadala mzuri; iangazie kwa nanomita 635, au 405 ukitaka nguvu zaidi kwenye tabaka jembamba.

Neno moja kwa wanaouziwa methilini bluu mtandaoni kama dawa ya kuzipa mitokondria nguvu: huzuia kimeng'enya cha monoamini oksidasi A na ni hatari ikikutana na dawa za sonona zinazopandisha serotonini, na kwa mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao ni wa kawaida katika maeneo ya malaria kama pwani yetu, inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu.

Osha seli mara mbili baada ya kuzipakia rangi, kwa sababu albumini ya seramu hushika sehemu yake, kisha angazia kwenye bafa isiyo na fenoli nyekundu. Pima volti za utando ndani ya saa ya kwanza, na uhai wa seli baada ya saa 24. MTT, kipimo cha uhai wa seli, isomwe kwa tahadhari: hupunguzwa na vimeng'enya ambavyo vingi viko kwenye mitokondria, hivyo mshuko wake mara tu baada ya mwanga unaeleza hali ya mitokondria, si idadi ya seli zilizokufa, na methilini bluu iliyobaki kwenye seli hufyonza karibu na nanomita 570 zinakosomwa fomazani, zao la MTT. Kwa vifo, hesabu seli kwa tripani bluu kwenye chemba ya kuhesabia, sampuli zote nne kwa siku ileile.